Risasi Haioshwi kwa Mtindi: Hotuba kuhusu Usafishaji wa Madini katika Tiba ya Ayurveda

Hotuba hii ilitolewa mbele ya waganga wa tiba asili, wafamasia na wanafunzi wa kemia. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika.

Waheshimiwa wenyeji wetu, wazee wangu waganga, ndugu wafamasia, na nyinyi wanafunzi mliojibanza viti vya nyuma: shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo.

Nimeombwa nizungumze kuhusu namna mafundi wa Ayurveda, ile tiba ya jadi ya India, wanavyosafisha madini ili yawe dawa. Fani yenyewe huitwa rasashastra. Ndani yake mna zebaki, salfa, chuma, shaba, bati, risasi, zinki, ulanga, hata fedha na dhahabu. Si mambo ya mbali na sisi. Ingieni katika maduka ya dawa za Kihindi ya Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, mtaviona vichupa vya unga mweusi, mwekundu, mweupe, vimeandikwa bhasma. Unga huo ndio mwisho wa kazi ndefu, na kazi hiyo ndiyo tutakayoifungua leo.

Nianze na swali. Mtu akikwambia amesafisha risasi, ametoa nini? Ametoa kutu? Ametoa mchanga? Au ametoa sumu? Shikeni swali hilo, maana nitalirudia mpaka mnichoke.

Ndugu zangu, hatua ya kwanza ni shodhana, yaani kusafisha kwenyewe. Tuchukue shaba. Kwanza hufuliwa iwe bamba jembamba kiasi cha kutoboka kwa mwiba. Msidhani mwiba huo ni pambo la maneno. Bamba likiwa nene, nje huiva na ndani hubaki shaba mbichi, hata ukilichoma mara ngapi. Bamba huwekwa motoni mpaka liwe jekundu, kisha huchovywa katika mafuta ya ufuta. Mara 7. Halafu katika mtindi, mara 7. Halafu mkojo wa ng'ombe, mara 7. Halafu kanji, yaani maji ya mchele yaliyoachwa yakachacha, mara 7. Mwisho katika maji yaliyochemshiwa kulthi, nafaka ya jamii ya kunde, mara 7. Vimiminika vitano, mara saba saba: 35. Na fundi makini hubadilisha kimiminika kila anapochovya, kwa sababu mtindi uliokwisha kupokea bamba jekundu mara moja umeungua, na asidi yake imepungua.

Kwa nini usumbufu wote huo? Moto mkali na baridi ya ghafla huipasua metali nyufa ndogo ndogo. Hewa huila ngozi yake ikawa magamba. Asidi ya mtindi na ya kanji huyang'oa magamba hayo, chumvi za mkojo nazo hufanya kazi yake, na mafuta huacha kaboni juu ya bamba. Ikifika mara ya 35, bamba lililokuwa likikunjika sasa linavunjika kwa vidole. Hapo ndipo fundi alipokuwa akipaendea. Anataka kitu kitakachosagika kinuni, kwa sababu metali laini haisagiki, hubandika tu.

Sasa, makosa. Kosa la kwanza ni mafuta kushika moto. Lazima uwe na kifuniko karibu, na usithubutu kumwaga maji juu ya mafuta yanayowaka. Kosa la pili ni kuyatupa magamba yaliyobaki chini ya chungu. Hayo ndiyo sehemu iliyoiva zaidi! Yanachujwa, yanaoshwa, yanapimwa pamoja na bamba lililobaki, ili ujue umepoteza kiasi gani.

Bati, risasi na zinki hazichovywi. Bati huyeyuka kwenye nyuzi joto 232, risasi 327, zinki 420, kwa hiyo kabla hazijawa nyekundu zimekwisha kuwa uji. Hizi huyeyushwa katika kijiko cha chuma na kumiminwa. Na hapa nataka mumtazame kijana mmoja wa karakana, kijana ambaye kila karakana inaye. Amemimina bati katika mafuta mara saba, kimya, hakuna kishindo. Amezoea. Anafika kwenye mtindi, anakiondoa kifuniko ili aone vizuri, anamimina lote kwa mpigo. Mtindi ni maji! Metali ya nyuzi 300 ikizama ndani ya maji, maji hugeuka mvuke kwa kufumba na kufumbua, na mvuke huo hutoka na bati lililoyeyuka, unamrukia usoni. Ndiyo maana mafundi wa kale waliweka chombo kiitwacho pithara yantra: chungu kipana chenye kifuniko kizito kilichotobolewa tundu katikati. Unamimina kidogo kidogo kupitia tundu, kifuniko kinapokea marusho. Kuna jambo jingine ambalo wengi hulisahau: bati lililotoka kwenye mtindi lioshwe na likauke kabisa kabla ya kuyeyushwa tena. Tone moja la maji lililojificha ndani yake linatosha kulipua kijiko.

Nauliza tena: baada ya yote hayo, risasi imetolewa nini? Uchafu wa juu umetoka, nakubali. Baadhi ya mchanganyiko wa metali nyingine huenda umepungua. Risasi yenyewe iko palepale.

Salfa ni rahisi zaidi, nitapita upesi. Huyeyushwa pamoja na samli juu ya moto mdogo, kisha humiminwa kupitia kitambaa kilichofungwa kwenye mdomo wa chungu chenye maziwa. Mawe hubaki kwenye kitambaa, salfa huganda chini ya maziwa, samli huelea. Huoshwa kwa maji ya moto, hukaushwa, na kazi hurudiwa mara 3 au mara 7, kila mara kwa maziwa mapya. Kosa kubwa ni papara ya moto. Salfa huyeyuka karibu na nyuzi 115 ikawa nyepesi kama mafuta. Ukiipandisha kupita nyuzi 160 inageuka nzito, nyekundu iliyokoza, haipiti tena kitambaani. Ukiendelea kuchochea inawaka, na moshi wake unakaba koo.

Sasa tuje kwa zebaki, mfalme wa fani hii na mwenye hatari kuliko wote.

Mnamjua Abu Rayhan al-Biruni, msomi wa Kiislamu kutoka Khwarizm, Asia ya Kati, aliyeandika kuhusu India mnamo mwaka 1030? Aliisikia fani hii, na hakuficha kejeli yake kwa waliotafuta dhahabu na ujana wa milele kwa njia hiyo. Akasimulia kisa alichokikuta kikizungumzwa, cha mtu wa Ujjain aliyeitwa Vyadi. Vyadi alimaliza umri na mali yake akitafuta dawa ya ajabu, asiipate. Akaketi ukingoni mwa mto, akawa anakichana kitabu chake cha dawa, karatasi moja baada ya nyingine, anazitupa majini. Upande wa chini wa mto, maji yanakoelekea, alikuwako kahaba, akaziona karatasi zinapita, akaziokota. Akamwendea, akamuuliza sababu, akampa fedha zake ajaribu tena. Kumbe katika kanuni yote kulikuwa na kiungo kimoja tu alichokielewa vibaya. Hadithi inamalizia kwa Vyadi na mkewe kuruka angani, na al-Biruni hakuamini neno lake. Lakini lile la kiungo kimoja, mtu wa karakana analiamini. Katika zebaki, kitu kimoja kikikosewa, kazi yote ni hasara.

Zebaki ya dawa mara nyingi hutolewa katika zinjifuri, lile jiwe jekundu ambalo ni zebaki iliyoshikana na salfa. Zinjifuri husagwa kwa maji ya ndimu au ya tangawizi, ikakaushwa, ikasagwa tena, mara 7. Kisha huwekwa katika chungu, na chungu cha pili hufunikwa juu yake mdomo kwa mdomo. Maungio huzibwa kwa kitambaa kilichopakwa udongo, tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likauke kabla ya lingine. Vyungu hivyo viwili huitwa damaru yantra. Chini moto, juu kitambaa chenye maji kinachobadilishwa kila kinapopata joto. Salfa huungana na hewa, zebaki hupanda kama mvuke na kuganda juu, katikati ya masizi meusi. Vyombo vikipoa, masizi hukwanguliwa, huoshwa, hukamuliwa kwenye kitambaa, na zebaki hudondoka.

Sikilizeni hesabu. Katika gramu 100 za zinjifuri safi, zebaki ni gramu 86. Fundi akipima mwishoni akapata gramu 60, zile 26 ziko wapi? Nyingine zimebaki katika masizi, kweli. Nyingine hazikugawanyika, kweli. Na zilizobaki? Ziko hewani. Ziko katika mapafu yake. Ziko katika mapafu ya mtoto wake aliyelala chumba cha pili. Wenzetu wa machimbo ya dhahabu kule Geita wanalijua jambo hili vizuri: mchimbaji anachoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki kwenye sahani, anaona moshi mdogo tu, miaka inapita, mikono inaanza kutetemeka. Zebaki haina harufu ya kukuonya. Kwa hiyo nawaambia waziwazi: hatua hii haifanywi nyumbani, haifanywi jikoni, haifanywi kwa kutazama video.

Baada ya hapo zebaki husagwa pamoja na salfa, mara nyingi uzito sawa kwa sawa, katika kinu cha jiwe chenye umbo la mtumbwi. Unga unageuka mweusi tititi, unaitwa kajjali. Kikemia, gramu 100 za zebaki zinahitaji gramu 16 tu za salfa ili zishikane zote, kwa hiyo sawa kwa sawa huacha salfa nyingi ya akiba. Ni busara, maana hatari iko kwenye zebaki iliyobaki huru. Mnaipima vipi? Chukua kidogo, kiloweshe, kisugue kiganjani, simama juani. Ukiona kumetameta, rudi kinuni. Saga siku moja zaidi, saga mbili. Wanaouza kwa haraka hukatisha hapa, na jicho la mnunuzi haliwezi kuona tofauti ndani ya kichupa.

Watetezi wa fani husema zebaki iliyoshikana na salfa haiyeyuki kirahisi mwilini. Kikemia wana hoja. Lakini hoja hiyo inategemea yule fundi kusaga siku zote alizotakiwa kusaga. Nani amemshuhudia?

Hatua inayofuata ni moto, yaani marana, ambapo metali iliyosafishwa hugeuzwa majivu. Nitatumia chuma, kwa kuwa ndicho chenye tabia njema kuliko vyote. Chuma, baada ya zile mara 35, huchovywa tena mara 7 katika maji yaliyochemshiwa triphala, matunda matatu makavu: haritaki, bibhitaki na amla. Maji yanageuka meusi kama wino, kwa sababu tanini za matunda hayo hushikana na chuma. Kisha unga wa chuma hulowekwa katika maji hayo hayo ya triphala na kuanikwa juani, mara 7. Kisha hupikwa kwenye karai la chuma mpaka ukauke. Ndipo husagwa, hufinyangwa vikate vidogo bapa, hukaushwa, na kupangwa baina ya visahani viwili vya udongo vilivyozibwa maungio.

Visahani huingizwa katika shimo la mraba, upana, urefu na kina sawa, zaidi kidogo ya nusu mita. Theluthi mbili ya shimo chini hujazwa mavi makavu ya ng'ombe, visahani vikakaa juu yake, kisha theluthi moja ya mwisho ikafunika. Shimo la namna hii huitwa gajaputa, na joto lake huweza kupita nyuzi 800. Moto huachwa uzime wenyewe, upoe wenyewe. Msifukue! Anayefukua mapema hupasua visahani, majivu ya mavi yanaingia ndani, na hewa ya ghafla inaharibu rangi. Maungio yakiwa na ufa, matokeo ni hayo hayo. Vikate vikitoka vigumu kama kigae, moto ulizidi au ulikuja upesi mno. Vikitoka na weusi katikati na wekundu pembeni, vilikuwa vinene. Unasaga upya, unaongeza maji ya triphala, unafinyanga, unachoma. Mara 20 na zaidi kwa chuma. Kinachotafutwa ni unga wenye rangi ya zambarau bivu, na hapo kwa sehemu kubwa unga huo ni oksidi ya chuma.

Ulanga hupelekwa mbali zaidi, vitabu vinataja puta, yaani mizunguko ya kuchoma, 100 na hata 1000. Hesabuni: kusaga, kukausha, kuchoma, kupoza, siku mbili kwa kila puta moja, puta 1000 ni zaidi ya miaka mitano. Basi anayekuuzia ulanga wa puta 1000 kwa bei ya soda mbili, mwulize aliuanza lini.

Karakana nyingi kubwa za leo zimeacha shimo, zinatumia tanuri la umeme. Sina ugomvi nalo, mradi kasi ya kupanda kwa joto inafanana na ile ya shimo na joto linaandikwa kwenye daftari.

Sasa tumefika penye uzito wenyewe, ndugu zangu. Fundi anajuaje kuwa kazi imeiva? Vipimo vya kale vipo, na ni vya akili. Nyunyiza unga juu ya maji yaliyotulia: uelee. Weka punje ya nafaka juu ya unga unaoelea: isizame. Usugue baina ya vidole: uingie katika mistari ya ngozi. Weka ulimini: usiwe na ladha ya metali, wala usikwaruze meno. Tazama juani: usimetemete. Uchanganye na asali, samli, tinkali na vinginevyo, uchome katika kalibu: isirudi hata chembe ya metali. Uchome na kipande cha fedha cha uzito sawa: fedha isiongezeke uzito.

Kwa shaba kuna kimoja ninachokipenda kuliko vyote. Mafundi wa kale walikuwa wakali juu ya shaba, walisema sumu ina ila moja, shaba ina ila nane, na miongoni mwake ni kutapika na kizunguzungu. Kwa hiyo waliagiza bhasma ya shaba ifukiwe ndani ya kiazi cha suran, kizibwe kwa udongo, kichomwe tena. Kisha unga huwekwa katika maziwa yaliyoganda, makali kwa uchachu, na kuachwa. Maziwa yakigeuka kijani au buluu, kazi haijaisha. Mnaona uzuri wake? Kipimo hiki kinaiuliza shaba swali ambalo tumbo litaiuliza: je, ukikutana na asidi, utayeyuka?

Lakini vingine vyote, vya kuelea, vya vidole, vya mwanga wa jua, vinapima nini? Vinapima usagaji. Vinapima kama metali imegeuka. Havipimi kama mwili utadhurika. Unga wa risasi unaweza kuelea juu ya maji vizuri sana, ukaingia katika mistari ya vidole, ukakosa ladha, na bado ukawa risasi. Risasi ni elementi. Moto hauigeuzi kuwa kitu kingine, mtindi hauioshi, mkojo wa ng'ombe hauitoi. Tena risasi ya dawa mara nyingi husagwa na manashila, madini yenye arseniki. Mmoja ameingia, wa pili amemfuata.

Mwaka 2004 ulitoka utafiti wa dawa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa katika maduka ya eneo la Boston, Marekani. Dawa 14 zilikuwa na metali nzito, na 13 kati ya hizo zilikuwa na risasi. Mwaka 2008 ukatoka utafiti wa dawa 193 zilizonunuliwa kwa intaneti: kama moja katika kila tano ilikuwa na risasi, zebaki au arseniki. Zile za rasashastra zilikuwa mbaya zaidi, asilimia 40 na ushei. Na nyingi ya zilizokutwa na metali zilitangazwa kuwa zimetengenezwa kwa viwango bora!

Halafu New York, 2011 na 2012. Wajawazito sita walikutwa na risasi nyingi katika damu, wote walikuwa wakitumia dawa za Ayurveda. Dawa moja ilikuwa na risasi hadi asilimia 2.4. Katika kidonge cha nusu gramu, hiyo ni miligramu 12. Risasi hupita kondo la nyuma, humfikia mtoto, hujificha katika mifupa ya mama. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Hakuna.

Kwa hiyo nyinyi mnaouza na kuagiza, fanyeni hivi. Kwanza, tafuteni katika kibandiko majina haya: naga ni risasi, parada na rasa ni zebaki, hingula ni zinjifuri, haratala na manashila zina arseniki, tamra ni shaba. Sheria ya India yenyewe imeviorodhesha vitu vya namna hii kuwa sumu, na inataka kibandiko kionye kwamba dawa itumiwe chini ya uangalizi wa tabibu. Dawa isiyo na kibandiko kinachotaja viungo, namba ya toleo na mtengenezaji, iacheni dukani. Pili, mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wasipewe kabisa chochote kati ya hivyo. Tatu, pelekeni sampuli maabara, kwa Tanzania mna Mkemia Mkuu wa Serikali, na msiombe kipimo cha jumla. Ombeni risasi, zebaki, arseniki na kadimiamu, kila kimoja kwa jina lake na kiasi chake kwa gramu.

Na mgonjwa aliyekwisha kutumia, mwenye maumivu ya tumbo yasiyoeleweka, kufunga choo, upungufu wa damu, ganzi au mikono inayotetemeka, apelekwe hospitali pamoja na kichupa chenyewe, na daktari aambiwe apime risasi katika damu. Wengi huficha kichupa kwa aibu, daktari akahangaika na vidonda vya tumbo miezi mitatu.

Kichupa kilichobaki nyumbani kisitupwe motoni, kwa sababu zebaki itapanda hewani. Kisimwagwe chooni wala kisimani. Kifungwe katika mfuko, kiandikwe kilichomo, kipelekwe kwa afisa afya. Sasa maswali, tuanze na yule dada aliyenyoosha mkono tangu kwenye salfa.